Plastiki za ndani za Hilux ya 1994 zimechujuka: nifuate kijivu kipi?

Mwenye Pikapu, Morogoro

Habari zenu, ndugu. Nina pikapu ya Toyota Hilux ya mwaka 1994 ambayo injini yake haijawahi kunisumbua, lakini plastiki za ndani zimechujuka kila moja kwa namna yake. Kifuniko cha nguzo ya paa upande wa dereva kimepauka kama kilichopakwa majivu, plastiki za milango zingali za kijivu kilichoiva, na mfuniko wa kisanduku cha dashibodi, nilioununua kwa wauza vipuri vya mtumba, umekuja na kijivu chake cha tatu. Mwaka jana fundi mmoja alinipulizia kifuniko cha nguzo ya pili kwa rangi ya bodi iliyobaki kwenye kopo, na haikupita mwezi rangi ikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Naomba kujua mambo mawili: katika vijivu hivyo vitatu nifuate kipi, na kwa nini rangi haikushika?

Fundi Rangi, Moshi

Ndugu, nianze na swali la pili, kwa sababu rangi iliyooana vizuri na isiyoshika haina faida. Geuza kifuniko utazame mgongoni. Mara nyingi utakuta herufi zilizochapwa ndani ya plastiki yenyewe. Ukikuta ABS, kazi ni nyepesi, kwani plastiki hiyo hupokea rangi bila ukaidi. Ukikuta PP, yaani polipropilini, fahamu kwamba uso wake una asili ya mafuta na haushikwi na rangi ya kawaida mpaka upate kwanza praima ya plastiki, yaani rangi ya awali ya kushikisha, ambayo kopo lake linataja polipropilini kwa jina. Ikiwa herufi hazipo, kata kipande kidogo mahali pasipoonekana ukitie majini. Kikielea, yaelekea ni polipropilini. Kikizama bado huna jibu, kwa sababu viwanda huchanganya polipropilini na unga wa talki, nao huongeza uzito.

Adui wa pili ni ile dawa ya kung'arishia dashibodi. Nyingi zina silikoni, na palipobaki silikoni rangi hukimbia na kuacha vishimo vidogo kama macho ya samaki. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, sugua kwa brashi hadi ndani ya vinyweleo vya plastiki, suuza, rudia, kisha futa kwa spiriti. Mwaga maji juu yake: yakitandaa bila kujikusanya matone matone, uso umetakata. Usithubutu kutumia asetoni kwenye ABS, maana huiyeyusha. Msasa uwe laini, namba 600 au zaidi, na mkono uwe mwepesi, kwa kuwa ukifuta michoro midogo ya uso wa plastiki hakuna rangi itakayoirudisha. Ule unga mweupe wa kwenye nguzo, hata hivyo, uondoe wote. Hiyo ni plastiki iliyokwisha kuuawa na jua, na ukipaka juu yake utakuwa umepaka juu ya vumbi.

Mama Gereji, Nakuru

Naunga mkono aliyotangulia kusema fundi, ila swali la rangi lisipitwe. Kwenye kibati cha utambulisho cha Toyota tafuta herufi C/TR: nambari ya kwanza ni ya rangi ya bodi, na ile inayofuata baada ya mkwaju (/) ni ya mapambo ya ndani. Usitarajie sana muuza rangi aichanganye kwa nambari hiyo ya pili, kwani vitabu vyao vimejaa rangi za bodi. Mpelekee sampuli, na sampuli bora ni sehemu ambayo jua halijawahi kuiona, kama vile chini ya kifuniko cha mkanda wa usalama.

Hata hivyo, ukirudisha kijivu cha kiwandani kwenye nguzo peke yake, milango itaonekana mizee kuliko ilivyo. Kama huna nia ya kupaka zote, oanisha na milango jinsi ilivyo leo. Linganisha juani na kivulini pia, kwa sababu vijivu viwili vinaweza kufanana chini ya taa ya gereji na kutofautiana nje.

Mwenye Pikapu, Morogoro

Asanteni sana. Nimekata kipande cha kile kifuniko kilichobanduka rangi, na kimeelea. Nitafuata kijivu cha milango. Je, nipulize rangi ya aina gani?

Fundi Rangi, Moshi

Rangi isiyong'aa, tafadhali, kwa sababu inayong'aa hurudisha mwanga kwenye kioo cha mbele na kumsumbua dereva. Praima iwe pazia jembamba tu, wala usiipige msasa, kisha fuata muda ulioandikwa kwenye kopo kabla ya rangi. Puliza matabaka matatu mepesi kutoka umbali wa sentimita 20 hivi, ukisubiri kama dakika 10 kati ya moja na jingine. Tabaka moja zito hujaza michoro na kuchuruzika. Ukichagua rangi ya kuchanganya na hadena, yaani kemikali ya kuikaza, vaa barakoa ya kemikali, kwani ya kitambaa haizuii mvuke wake. Vifuniko usivirudishe garini siku hiyo hiyo hata kama vimekauka kwa kugusa, na ununue vibanio vipya vya kushikilia vifuniko mapema, maana vya miaka 30 huvunjika wakati wa kufungua.

Mwenye Pikapu, Morogoro

Viwili vimekwisha kuvunjika.