Kutamani safari ya baiskeli wakati umefungiwa: nani ameendesha kutoka Uyole hadi Matema?

Mwana wa Rungwe (Kampala), Mei 2020

Ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, ninawasalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tukuyu ninayefanya kazi Kampala, na kwa sasa nimekwama huku kwa sababu ya korona. Machi 25 usafiri wa abiria ulisimamishwa, siku chache baadaye magari binafsi nayo yakazuiwa, kisha ikafuata amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni. Mwezi Aprili Rais Museveni alipiga marufuku hata mazoezi ya barabarani, na yeye mwenyewe akaonekana kwenye video akikimbia na kupiga pushapu ndani ya ofisi yake. Sibishani na uamuzi huo, kwa sababu ugonjwa upo. Baiskeli bado zinapita mitaani, lakini ni za watu wanaokwenda kazini au wanaobeba mizigo. Mtu anayetaka kutoka asubuhi bila kumweleza yeyote anakokwenda hana nafasi kwa sasa.

Safari ya namna hiyo ndiyo ninayoitamani hadi ninakosa usingizi. Jioni huigeuza baiskeli yangu miguu juu uani, nikasafisha mnyororo kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, kisha nikazungusha pedeli kwa mkono ili nisikie gia zikibadilika. Barabara ninayoiwaza ni ile ya kutoka Uyole, pale Mbeya, kupitia Tukuyu hadi Matema kwenye ufuo wa Ziwa Nyasa, ambayo nimeipita mara nyingi nikiwa ndani ya basi na sijawahi kuipita kwa baiskeli. Aliyewahi kuiendesha anieleze ni wapi pagumu na ni wapi pa hatari. Pia ningependa kujua kama ni haki mtu kutamani jambo kama hili wakati wengine wamekosa chakula.

Mpanda Milima (Uyole)

Pole sana, kaka. Nianze na barabara, maana ninaifahamu vizuri.

Ukiacha barabara kuu pale Uyole unaanza kupanda safu ya Uporoto mara moja, na kupanda huko hakukupi nafasi ya kupumua. Mashamba ya viazi yako pande zote mbili, baridi ni kali, na ukungu unaweza kukaa hadi saa nne asubuhi, kwa hiyo vaa nguo inayoonekana kwa mbali. Ukifika Isyonje, ambako njia ya kwenda Kitulo na Makete inachepuka, umeshavuka meta 2,000 kutoka usawa wa bahari. Wengi hudhani kwamba kuanzia hapo ni kuteremka tu, kwa kuwa Ziwa Nyasa liko chini ya meta 500. Si kweli hata kidogo, kwani baada ya Kiwira kuna vilima vinavyoumiza miguu iliyokwisha kupoa kwenye mteremko.

Hatari kubwa iko kwenye mteremko wenyewe. Usibane breki moja kwa muda mrefu. Bana ya mbele na ya nyuma kwa zamu, na kila unapopata sehemu pana simama ili rimu zipoe. Malori yanayokwenda Kasumulu, mpakani mwa Malawi, ni mazito, na Hiace za abiria husimama ghafla mbele yako penye wauza ndizi. Kutoka Mbeya mjini hadi Tukuyu ni yapata kilomita 70, nayo inatosha kwa siku ya kwanza, hasa ukichepuka Kiwira kwenda kuliona Daraja la Mungu, lile daraja la asili la mwamba. Subiri mvua ziishe kabisa. Wewe wa Tukuyu unajua kwamba kwenu hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na lami iliyolowa penye kona haina huruma.

Mkazi wa Kalenga (Iringa)

Mimi nitajibu swali lako la mwisho, ambalo naona limepitwa haraka.

Huku kwetu barabara hazikufungwa. Shule zilifungwa Machi 17, na vyuo vinatarajiwa kufunguliwa Juni 1, lakini hata leo ningetaka kuendesha hadi Mafinga hakuna ambaye angenizuia. Pamoja na hayo, safari za mbali nimeziacha kwa hiari yangu. Abiria wa basi hupita vijiji kumi bila kumsalimia mtu, ilhali mwenye baiskeli husimama kuomba maji, hupewa kigoda, hushikana mikono na wazee, na mvua ikimkuta hulala pale pale. Ukaribu huo ndio utamu wote wa safari ya baiskeli, na ndio unaoweza kumpelekea ugonjwa bibi ambaye hakutoka nyumbani kwake. Kwa hiyo ninatoka Kalenga, ninapanda Tosamaganga, ninakunywa maji yangu mwenyewe na kurudi. Hainitoshelezi, na sioni aibu kusema hivyo. Kutamani si dhambi, ndugu yangu. Yule unayetamani kumtembelea ndiye wa kumfikiria.

Binti wa Kyela

Nakubaliana na wa Kalenga, ila nina neno la kuongeza. Kyela ni tambarare, na baiskeli huku ni kazi: hubeba magunia ya mpunga, kakao, na abiria pia. Mwezi huu Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, mizigo ya Tunduma, upande wetu wa mpaka huo, ilikwama, na kila anayeishi kwa biashara ya mipakani aliingiwa na hofu. Waendesha baiskeli wetu wako barabarani kila siku kwa sababu wasipotoka hawali. Kaka yetu akija, asipite tu akitazama milima. Ale kwa mama lishe, alale gesti za huku, na pancha aizibishe kwa mafundi wa njiani hata kama anajua kuweka kiraka mwenyewe.

Kuhusu njia, kuna ya vumbi kutoka Tukuyu kupitia Masoko hadi Ipinda, halafu Matema. Malori ni machache huko. Wakati wa mvua usithubutu, kwani udongo unateleza vibaya.

Mwana wa Rungwe (Kampala)

Nawashukuru nyote. Nitasubiri mipaka ifunguliwe, kisha nitakaa kwanza nyumbani Tukuyu hadi nijiridhishe kwamba sina ugonjwa, ndipo nije kuanzia Uyole. Nitafuata njia ya Masoko. Je, kurudi kutoka Matema nitapata gari la kuipakia baiskeli? Kupanda Isyonje kutokea upande wa ziwa sitaweza.

Binti wa Kyela

Utapata. Nenda hadi Kyela mjini, Coaster za Mbeya huifunga juu ya keria. Patana bei kabla baiskeli haijapakiwa, fungua pedeli, na uifunge kwa kamba yako mwenyewe.