Lugalo: tutengeneze njia, mabango na kiingilio, au tupaache palivyo?

Mtembeaji
Habari za leo wakuu. Wiki mbili zilizopita niliwapeleka wanangu wawili Lugalo ya Iringa, pale Mtwa (yaani chifu) Mkwawa na Wahehe walipomvizia Zelewski, kamanda wa Kijerumani aliyeitwa Nyundo. Shuleni wameshasoma habari zake, wakawa na hamu kweli. Tumefika, tumeukuta mnara ambao Wajerumani waliwajengea watu wao, na zaidi ya hapo ni majani na mawe. Kijana mmoja akajitolea kututembeza. Akatusimulia afisa wa Kijerumani aliyempiga risasi ndege, Wahehe wakadhani ndiyo ishara waliyoagana, wakatoka vichakani kabla ya wakati. Hapo wanangu walimeza kila neno. Kisha akatuambia Mtwa alikuwa na dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Binti yangu wa darasa la sita akamuuliza, "Kaka, hiyo si ya Kinjekitile?" Kijana akanyamaza.

Nauliza hivi: Lugalo pasitengenezwe njia za miguu, mabango, waongozaji waliofundishwa, na kiingilio kidogo cha kupatunza? Na hizi hadithi za wazee zisimuliwe kama historia, au zitengwe na mambo yaliyoandikwa? Mimi nataka patengenezwe. Karibuni.

Mwana Kihesa
Mleta mada, umemaliza kumdhalilisha kijana wa watu ndiyo unauliza swali? Kajitolea kwenye jua, hajakudai kitu, na unakuja kumwanika hapa. Bibi yangu hakusoma hata darasa moja, lakini njia aliyopita Mtwa alipotoka Kalenga, ngome yake, alikuwa akiijua jiwe kwa jiwe. Mabango yenu yatatuambia nini ambacho wazee hawajui?

Mtembeaji
Kaka, sijamdhalilisha. Nilimpa chochote tulipoagana na nilimshukuru. Nasema tu kwamba vita vya Maji Maji vya Kinjekitile ni 1905 na Lugalo ni miaka kumi na kitu nyuma yake. Mtoto akichanganyiwa hapo, hatachanganya hadithi mbili tu, atachanganya watu wawili waliopigana kwa namna mbili tofauti kabisa. Kinjekitile aliwaunganisha watu kwa maji. Mkwawa alikuwa na jeshi.

Kahawa Moshi
Mimi naunga mkono kiingilio. Ila tuambiane ukweli, mnataka kutengeneza bustani ya kumkumbuka mtu aliyejiua. Kwetu Uchagani chifu wetu, Mangi Meli, alinyongwa mbele ya watu, Machi 1900, alikufa amesimama. Shujaa hajimalizi mwenyewe.

Mwana Kihesa
Rudia ulichoandika. Rudia taratibu.

Mama Ismani
Huyu wa Moshi ananichoma moyo. Tumechoka na utani wenu wa "Mhehe akinuniwa anatafuta kamba". Mnaurusha baa, mnaurusha kwenye daladala, mpaka misibani. Mtu akifiwa na mwanawe kwa namna hiyo mnacheka. Na chanzo cha utani huo ndicho hiki unachokiita kujimaliza. Mtwa alikuwa ameshawindwa miaka minne, mgonjwa, wake na ndugu wametekwa, Wajerumani wametangaza rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Unataka aletwe mjini na kamba shingoni ili wewe umwite shujaa?

Kahawa Moshi
Dada, mimi sijataja kamba wala sijataja utani. Nimesema jinsi mtu anavyokabili kifo.

Mama Ismani
Umesema kwenye mada inayohusu Lugalo, mahali aliposhinda. Kwa nini mkitajiwa ushindi wetu mnakimbilia kifo chake?

Mwalimu Mstaafu
Wanangu, tuelewane kwanza kwenye tarehe, maana naona watu wanazirusha huku na kule. Lugalo ni tarehe 17 Agosti 1891. Mapigano yenyewe hayakuchukua hata nusu saa. Zelewski alikuwa na bunduki za kisasa na mizinga, lakini kikosi kilikuwa kwenye msafara, kimenyooka kama siafu, silaha nyingine zimefungwa mizigoni. Wahehe wakatoka pembeni na mikuki, na mkuki wa karibu ukashinda bunduki isiyojazwa. Zelewski mwenyewe alikufa pale. Kalenga ikavunjwa kwa mizinga na jeshi la Gavana von Schele, akiwemo Tom von Prince, yule Bwana Sakarani, Oktoba 1894. Mtwa akatoka akapigana vita vya msituni hadi Julai 1898, akajipiga risasi Mlambalasi askari wakimkaribia. Kaburi lake liko kule Mlambalasi. Fuvu lake liko Kalenga.

Nilifundisha hili miaka mingi. Kila mwaka mwanafunzi mmoja aliniuliza swali la Kahawa Moshi, na kila mwaka nilimjibu kwa swali: Wajerumani walitaka nini? Walimtaka yeye. Wakamkosa akiwa hai. Waliishia kukata kichwa cha maiti.

Kahawa Moshi
Mzee wangu, shikamoo. Kwa maelezo hayo nimekuelewa. Dada wa Ismani, kama nimekugusa pabaya, nisamehe. Ila Meli naye kichwa chake hakijarudi mpaka leo, msidhani nyie peke yenu ndio mna kidonda.

Usangu Kwetu
Nimesoma mada yote kimya, sasa niseme. Mnasema bustani, njia, mabango. Je, bango litawataja Wasangu? Kabla Mjerumani hajafika, Wahehe walitufukuza Utengule, mji wetu, na mtawala wetu Merere akaenda kuishi Usafwa na watu wake. Tulirudi nyumbani Mjerumani alipokuja, ndiyo maana Merere alishirikiana naye. Vitabu vya shule vinatuita wasaliti. Mtu aliyenyang'anywa nyumba akishirikiana na adui wa mnyang'anyi, huyo ni msaliti wa nani?

Mwana Kihesa
Sasa na ninyi mmekuja. Wakati ule kila mtawala alipanua nchi. Wangoni hawakuja kwetu? Hamkuchukua ng'ombe wa wenzenu?

Usangu Kwetu
Sikatai. Ndiyo nasema bango liandike yote. Ukiweka njia ya kumsifu mmoja tu, mimi mwanangu simleti.

Mwana Kihesa
Usimlete. Lugalo si uwanja wa kesi ya Utengule.

Mwalimu Mstaafu
Mwana Kihesa, punguza. Anachosema Msangu ni kweli na kinafundishika. Hata waliokufa na Zelewski, wengi hawakuwa Wajerumani. Walikuwa askari wa kukodi, Wasudani waliochukuliwa Misri na wengine kutoka Msumbiji. Wazungu waliokufa ni kama kumi, Waafrika waliokufa upande wao ni mamia. Mnara ule ulijengwa kuwakumbuka akina nani? Hilo ndilo ningetaka mtoto aulize akisimama pale.

Taveta Mpakani
Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Sisi huku tuna Salaita, kilima ambacho Waafrika Kusini walipigwa na Wajerumani Februari 1916. Watalii huja kweli, na wanachouliza kwanza ni mbuyu. Inasimuliwa kwamba mwanamke Mjerumani alijificha ndani ya mbuyu akidungua wanajeshi wa Waingereza, akilipiza kisasi cha mumewe. Mimi sijawahi kuona karatasi ya kuthibitisha. Lakini bila huo mbuyu, wageni wangepita moja kwa moja kwenda kuangalia ndovu. Msizitupe hadithi zenu. Na msione aibu kusema "inasimuliwa".

Mtembeaji
Hicho ndicho nilichotaka kusema tangu mwanzo na sikukisema vizuri. Neno "inasimuliwa" kijana wangu wa Lugalo hakulitumia hata mara moja.

Mwana Kihesa
Kwa hiyo hata hadithi ya ndege utaiwekea "inasimuliwa"? Na Gangilonga, jiwe linaloongea, pale juu Iringa mjini, utaliwekea bango "linasemekana linaongea"? Utatoka na watalii wako umewaachia jiwe bubu.

Mama Ismani
Kaka, hapo nitakupinga ingawa tuko upande mmoja. Mimi nimekaa Gangilonga jioni nyingi. Wazee husema Mtwa alikwenda pale kutafakari. Kuliita jiwe linaloongea hakunipunguzii wala kuniongezea. Lakini fuvu la Kalenga, hapo nataka kujua ukweli. Lilirudishwa 1954 na Gavana Twining, akakabidhiwa Chifu Adam Sapi, yule aliyekuja kuwa Spika. Wajerumani walikuwa na mafuvu mengi kule Bremen, likachaguliwa hili kwa kupima umbo na kulinganisha na vichwa vya ndugu zake. Nikisimama mbele ya kile kioo nasimama mbele ya babu, au mbele ya mtu mwingine aliyeuawa na watu hawa hawa, ambaye ndugu zake nao wanamtafuta?

Kahawa Moshi
Dada, hilo swali limeninyima usingizi. Sisi hatujapata hata hilo la kulitilia shaka.

Mwana Kihesa
Fuvu ni la Mtwa. Mkataba wa Versailles wenyewe ulilitaja, kifungu cha 246. Mataifa makubwa yamekaa kumaliza vita ya dunia yakaandika jina la Mkwawa. Sasa leo tuanze kutilia shaka sisi wenyewe?

Mama Ismani
Mkataba ulisema lirudishwe. Haukusema lipi.

Mwalimu Mstaafu
Mama Ismani amesema vizuri. Kifungu kiliamuru lirudishwe ndani ya miezi sita. Likaja baada ya miaka 35. Katika muda huo wote hakuna aliyekuwa ameliandikia jina.

Usangu Kwetu
Naona mnaongea kichwa kimoja. Wahehe waliokufa Lugalo siku ile, majina yao yako wapi? Mlishinda, lakini mlizika watu wengi. Mimi Msangu ndiye nauliza.

Mwana Kihesa
Umeuliza jambo la maana, na linaniuma kwamba umeuliza wewe kabla yangu. Upande wa baba yangu kuna mzee aliyekwenda Lugalo hakurudi. Alikuwa kijana, hajaoa. Bibi alikuwa akilitaja jina lake akimwaga pombe chini, kila mavuno. Sijaliona jina hilo kwenye jiwe lolote wala kitabu chochote.

Mtembeaji
Kaka, kwenu wako wengine wanaoyajua majina kama hayo?

Mwana Kihesa
Wapo. Wazee watatu, mmoja haoni tena. Mimi bado sitaki kiingilio, niseme wazi. Sitalipia kuingia mahali alipolala ndugu yangu.

Mtembeaji
Kiingilio tukiweke kando kwanza. Nikija na daftari mwezi ujao, utanipeleka kwa huyo asiyeona?

Mwana Kihesa
Njoo na yule binti yako aliyemuuliza kijana. Huyo mzee anapenda wanaouliza.