Lefebvre, Lefèvre, Faure: hawa Wafaransa ni ukoo mmoja au?

Mwangata Juu:
Kamwene wakuu. Niko mapokezi kwenye loji moja huku Iringa njia ya Ruaha, juzi tumepokea kundi la Wafaransa, sasa kwenye kitabu cha wageni mmoja kaandika Lefebvre, mwingine Lefèvre, mwingine Faure. Mimi nikamwita yule wa kwanza "Lefebuvure" wakacheka mpaka basi, kumbe hiyo b haitamkwi, wanasema "Lefevr". Nikawauliza nyie ndugu? Wakasema hatujuani kabisa ila jina letu ni moja, hata huyu Faure. Hapo ndo sijaelewa, jina moja halafu sio ndugu? Na Faure si yule aliyekuwa rais wa Togo? Mwenye darasa alishushe.

Mhunzi wa Soweto Mbeya:
Kamwene na wewe. Wamekwambia kweli, yote hayo maana yake mhunzi, mfua chuma. Yanatoka kwenye Kilatini faber, kaskazini mwa Ufaransa likageuka fèvre, wakaweka Le mbele, kusini likawa Fabre na Faure, kule milimani upande wa Savoie na Uswisi utakuta Favre. Wabretoni, wale wa kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, wana lugha yao kwahiyo mhunzi wao ni Le Goff. Siku hizi Mfaransa mhunzi anamwita forgeron, ile fèvre imebaki kwenye orfèvre yani sonara.

Hiyo b ni kazi ya makarani wa zamani. Walikuwa wanapenda kuonyesha wamesoma Kilatini basi wakachomeka b ya faber, na pia zamani u na v ziliandikwa sawa, so b ilimsaidia msomaji ajue hiyo ni v sio u. Haikusaidia wote, kuna watu walisoma u hivyo hivyo na leo kuna familia zinaitwa Lefébure na wanatamka hivyo hivyo. Huyo wa Togo, Faure Gnassingbé aliyekuwa rais mpaka 2025, kwake Faure ni jina la kwanza, ila Ufaransa walikuwa na rais Félix Faure, 1895 mpaka 1899.

Tosa Boy:
Wakatoliki wa umri wangu tukisikia Lefebvre tunawaza yule askofu mkuu aliyekuwa Dakar, akaja kutengwa na Kanisa 1988 baada ya kusimika maaskofu wanne bila ruhusa ya Papa 😂 Kwao Tourcoing, kaskazini kabisa jirani na Ubelgiji, na huko ndo Lefebvre wa b wamejaa.

Mwangata Juu:
Mkuu wa Soweto asante, ila bado hujanijibu la undugu. Wahunzi wote hao hawana babu mmoja?

Mhunzi wa Soweto Mbeya:
Hawana. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, kwato za farasi, majembe, bawaba za milango, nani angeishi bila yeye? Watu walipoanza kuongezeka, kina Jean wako kumi kijiji kimoja, huyu anaitwa Jean mhunzi, yule Jean wa mtoni, mtoto anarithi hata kama yeye anaoka mikate. Hiyo ni kama karne ya 12 hivi. Baadae mfalme François wa Kwanza mwaka 1539 akatoa amri ya Villers-Cotterêts kwamba parokia zitunze daftari za ubatizo, 1792 kazi ikahamia serikalini, na 1794 wakapiga marufuku kutumia jina tofauti na la cheti cha kuzaliwa. Kwahiyo karani alivyoandika ndo ikawa hivyo, na ndugu wa damu waliandikwa parokia mbili wanaweza kuwa Lefebvre na Lefèvre, wakati Lefebvre wawili hawana hata tone la damu moja.

Usilinganishe na majina yetu ya Mwa- ya Kyela na Tukuyu. Mwa- inakurudisha kwa babu fulani, ndo maana kabla ya posa wazee wanauliza kwanza wewe Mwa-nani. Lefebvre na Lefebvre wanaoana bila kikao.

Mama Igurusi:
Makarani hata huku wapo, mwanangu ofisi moja ilimwandika kwa i badala ya y na mdogo wake kwa y, sasa kwenye vyeti ni watu baki wawili. Hao wa Ufaransa nawaelewa sana.

Nichangie kidogo. Babu yangu alienda Joni (Johannesburg) kwa WENELA, lile shirika lililoandikisha vibarua wa migodi ya Afrika Kusini, alikuwa akitaja mabosi wa mgodini kina Viljoen na Du Toit, sisi tunajua ni Makaburu tu. Kumbe asili yao Wafaransa Waprotestanti. Mfalme Louis wa 14 alifuta Amri ya Nantes, ile iliyowapa uhuru wa dini, 1685 wakakimbia, wengine Waholanzi wakawapeleka Cape huko Afrika Kusini kuanzia 1688. Villion akawa Viljoen, Cronier akawa Cronje, ila Marais na De Villiers wamebaki vile vile. Kifaransa chenyewe watoto wao walikiacha haraka sana.

Tosa Boy:
Kumbe hata de Klerk aliyemwachia Mandela? Nilisikia ni Leclerc.

Mama Igurusi:
Ndiyo baba, Leclerc. Maana yake karani, haohao waliochomeka b 😄

Mwangata Juu:
Ndaga fijo mama, na Soweto pia. Kundi lingine linaingia Ijumaa, kuna mmoja kwenye orodha kaandikwa Lefeuvre. Naye mhunzi?

Mhunzi wa Soweto Mbeya:
Mhunzi wa magharibi huyo, upande wa Nantes. Usimtafutie shemeji humo kwenye kundi.