Naomba ushauri: safari ya siku moja Dodoma–Kolo, michoro ya miambani na Mungomi, watu 22

BintiKisasa

Mbukwenyi wakuu. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Dodoma mjini tumekubaliana kwenda Kondoa kuona michoro ya Kolo, kwenda na kurudi siku hiyohiyo, Jumamosi moja ya mwezi wa saba. Tuko 22. Kati yetu kuna bibi wawili waliovuka miaka 65 na watoto wanne wa darasa la tano hadi la saba. Tumeshaongea na mwenye Coaster.

Naomba msaada kwa haya:
1. Coaster inafika mpaka kwenye mapango?
2. Tutoke saa ngapi ili tusirudi usiku?
3. Wengine wanataka tuunganishe na Pahi na Kisese, maeneo mengine ya michoro. Inawezekana?
4. Bibi mmoja ana asili ya Urangi na anataka kupeleka sadaka pale Mungomi, mlima wenye mapango ya Kolo. Wenzetu wengine, Wakristo na Waislamu, wanasita hata kuingia kwa kuwa ni mahali pa matambiko. Hili ndilo linaloniumiza kichwa kuliko yote.

Dereva_Bicha

Nianze na gari. Coaster itawafikisha Kolo bila shida, lami ni safi kuanzia Dodoma: Msalato, Mayamaya, Chemba, Bicha, halafu Kolo. Mpaka Kondoa ni kama kilomita 160, na kutoka hapo hadi Kolo weka kama 25. Kwenda na kurudi ni kilomita 370 hivi. Coaster ya dizeli iliyojaa watu itakula lita 60 hadi 70, kutegemea afya ya injini, kwa hiyo jazeni tangi Dodoma.

Shida inaanzia Kolo. Ofisi ya michoro iko palepale kijijini, ila Mungomi wenyewe uko kama kilomita tisa ndani kwa njia ya vumbi na mawe, na mnavuka mto Kolo. Mto huo kiangazi ni mchanga mtupu. Coaster ina magurudumu mawili tu yanayovuta, tena ya nyuma, na tumbo lake liko chini. Ikizama kwenye mchanga huo, siku yenu imeishia hapo. Kodisheni Land Cruiser mbili za Kondoa mjini, zinazovuta magurudumu yote manne, mkutane nazo Kolo. Ndefu moja inachukua watu tisa hadi kumi kwa kukaa vizuri, kwa hiyo 22 mnahitaji mbili na safari moja ya ziada kwa watu wachache, au tatu kwa mkupuo mmoja. Mpatane bei kwa siku nzima. Mkipatana kwa safari, dereva atawaharakisha mapangoni.

Kwenye mchanga dereva apunguze upepo wa matairi kidogo, aingie kwa gia nzito na asisimame katikati. Anayesimama katikati ya mto kuwasubiri wenzake ndiye anayezama.

Mzee_wa_Chemba

Binti yangu, mwezi wa saba mmechagua vizuri. Kuanzia Desemba hadi Aprili njia ile ina hatari yake, kwani mvua ikinyesha milimani juu maji hushuka mtoni ghafla hata kama hapo mlipo jua linawaka. Mchanga mwingi kiasi kile si wa bure. Ni udongo wa vilima vya Kondoa uliosombwa kwa miaka mingi, ndiyo maana serikali ilianzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Mkipita, waonyesheni watoto makorongo.

Ratiba ninayoshauri: mtoke Dodoma saa 11 alfajiri kamili. Coaster haitakiwi kukimbia, na vijijini mwisho ni kilomita 50 kwa saa, trafiki wenye tochi za kupimia mwendo hawakosekani. Hesabuni saa mbili na robo tatu hadi Kondoa. Chai nusu saa. Saa tatu kasorobo muwe Kolo, mkijiandikisha na kulipa. Saa tatu na nusu muondoke na magari ya ndani. Saa saba mchana muanze kushuka, saa tisa mle Kondoa, saa kumi muanze kurudi. Kwenye saa moja jioni mtakuwa Dodoma. Mkichelewa kutoka kwa saa moja tu asubuhi, mtapanda mlima jua la utosi na mtarudi na giza, wakati ng'ombe bado wanavuka barabara.

Mapango_Irangi

Kuhusu Pahi na Kisese, kwa siku moja na watu 22, acheni. Eneo la urithi lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, na mapango yenye michoro yanakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Hakuna anayeyamaliza. Mungomi pekee una mapango matatu ya kutembelewa, yanaitwa B1, B2 na B3, na kila moja linahitaji nusu saa ili macho yazoee.

Nasisitiza hilo la macho. Mtu anafika, anaona mwamba wenye madoa mekundu, anapiga picha moja na kuuliza "ndiyo hii tu?" Kaeni chini kwanza. Angalieni sehemu moja dakika tano bila kuhama. Mtaona twiga, pofu, tembo, kisha watu wembamba warefu wenye vichwa vikubwa vya mviringo, ambavyo huenda ni nywele au mapambo. Hiyo ni michoro myekundu ya wawindaji na wakusanyaji, na watafiti wengi huihusisha na mababu wa Wasandawe na Wahadzabe. Michoro myeupe, minene, iliyopakwa kwa vidole, ni ya baadaye, ya jamii za wakulima na wafugaji. Pale zinapokutana, nyeupe iko juu ya nyekundu. Huo mpangilio ndio ushahidi wa nani alitangulia, na watoto wataupenda kwa sababu wanaweza kuuona wenyewe.

Kuna mchoro mmoja mwongozaji atawaonyesha: watu watano, wa katikati akivutwa huku na huku. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyenakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, aliona ni mwanamke anayetekwa. Wengine baadaye wakaufananisha na simbo, ngoma ya Wasandawe ya kupandisha na kuponya, ambamo mtu aliyelegea hushikiliwa na wenzake. Mwombeni mwongozaji awaeleze maelezo yote mawili, halafu muutazame tena. Binafsi naona la pili lina nguvu zaidi.

BintiKisasa

Asanteni sana wakuu. Basi Pahi na Kisese tumeziacha. Kupanda kukoje kwa bibi zetu? Na lile la nne?

Dereva_Bicha

Gari linaishia chini ya mlima. Hapo mnapanda kwa miguu, kuna mwinuko mkali na mawe yanayoteleza kwa changarawe. Kijana anatumia dakika 20, bibi mwekeeni 45 na fimbo. Kushuka ndiko kunakoumiza magoti. Anayetumia dawa za presha anywe kwa wakati wake wa kawaida, asiruke kwa kuogopa kwenda haja njiani. Choo mtumie Kolo kabla ya kuondoka. Maji ni lita mbili kwa kila mtu ndani ya gari la mlimani, yasiachwe kwenye Coaster. Hilo la kuacha maji kwenye Coaster hutokea mno.

Viatu vya kufunga, si ndala. Wanawake wavae suruali ndani ya kanga au gauni pana, maana kuna miiba.

Mrangi_Kolo

Swali la nne nalijibu mimi, na naomba mlisome kwa utulivu.

Mungomi ni mahali pa ibada hai. Wenyeji hupeleka pale maombi ya mvua na ya uponyaji, na walifanya hivyo kabla ya uzio, kabla ya tiketi, kabla ya pango kutangazwa urithi wa dunia mwaka 2006. Kwa hiyo bibi yenu haombi jambo geni. Lakini tambiko halifanywi na mgeni katikati ya ziara. Lina wazee wake, lina siku yake na maandalizi yake. Bibi aanze kwa ndugu zake wa Urangi, wao wampeleke kwa wazee wenye dhamana, na wazee wazungumze na ofisi. Siku ya ziara aende kuona tu. Akibeba pombe au samli kwenye mkoba akamwagia ukutani kimyakimya, atakuwa amewakosea wazee, na ataharibu mchoro. Mafuta na pombe hushika vumbi na moshi, rangi ikafunikwa, na hakuna anayeweza kuisafisha bila kuibandua.

Kwa wanaosita: kuingia pangoni na kutazama si kushiriki tambiko. Hakuna atakayewalazimisha kuinama, kula wala kunywa chochote. Anayeona moyo haumruhusu, abaki chini kivulini na asisemwe. Wanaopanda wasiguse wala kuchukua kitu walichokikuta: chungu, kibuyu, majivu, hata sarafu. Mkikuta wazee wako katika shughuli yao, mwongozaji atawapeleka pango lingine kwanza. Msipige picha za watu hao.

Na ile habari ya hela za Wajerumani. Vita vilipiganwa Kondoa mwaka 1916, na tangu hapo kuna watu wanaamini dhahabu ilifichwa mapangoni. Wamechimba na hata kulipua miamba. Mtu akiwafuata Kolo na kuwanong'oneza habari za ramani au kifaa cha kupimia madini, mkataeni na mumweleze mwongozaji.

Mapango_Irangi

Naongeza kuhusu uharibifu, kwa sababu watoto wanakuja. Msimwagie maji ukutani ili rangi ing'ae kwenye picha. Zamani watu walifanya hivyo sana. Maji hupenya, yakikauka huvuta chumvi ya mwamba hadi juu, na mchoro hubaki na ukungu mweupe. Mikono nayo ina jasho na mafuta, kwa hiyo kila mtu asimame hatua mbili kutoka ukutani na mkoba wa mgongoni auvue, maana akigeuka ndio unaosugua. Ingieni kumi kumi. Vumbi la miguu 44 kwa wakati mmoja linatua kwenye rangi.

Picha pigeni bila mwanga wa simu. Mwanga wa kivulini unatosha, na rangi nyekundu hutoka vizuri zaidi.

Mzee_wa_Chemba

Malipo: pigeni simu ofisini siku chache kabla, mseme idadi, wangapi watu wazima na wangapi wanafunzi, maana viwango vinatofautiana na hubadilika. Ombeni namba ya malipo ya serikali mlipe kwa simu, mpewe risiti. Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha NIDA ili alipe kama Mtanzania. Msipande bila mwongozaji hata kama kijana wa kijijini anawaambia anaijua njia. Mkimaliza, kumpa mwongozaji kifuta jasho ni jambo jema, lakini liwe tofauti na kiingilio.

Chakula agizeni Kondoa asubuhi mkipita kunywa chai, sahani 22 pamoja na za madereva. Mkifika saa tisa bila kuagiza, mtasubiri mchele upikwe na ratiba yote itavurugika.

BintiKisasa

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nimemwambia bibi. Amekubali kwenda kuona tu, na mdogo wake aliyeko Kondoa ataongea na wazee kwa ajili ya siku nyingine. Kitu kimoja kimebaki: tuwahesabu 22 kwa Land Cruiser mbili au tatu?

Dereva_Bicha

Tatu. Kwa mbili, kundi la mwisho litafika mlimani karibu saa tano, na bibi ndio watakaopanda juani. La kwanza wawekeni bibi wote wawili na watu wa kuwashika mkono, litangulie dakika 20.