Stakabadhi za kufunga ndoa Uingereza nikitokea Nairobi: nianzie wapi?

Mkaazi wa Donholm:
Wapendwa, salamu kwenu. Mimi ni Mkenya, na mchumba wangu ni raia wa Uingereza anayeishi Leicester. Tumekubaliana kufunga ndoa ya serikali kule kwake mwakani, kisha nirudi Nairobi niombe viza ya kuishi naye. Niliwahi kuolewa, na ndoa hiyo ilivunjwa mahakamani. Ndugu zangu wananihimiza nikatafute kwanza cheti cha kutokuwa na kizuizi cha ndoa kwa Msajili wa Ndoa pale Sheria House, ilhali mchumba wangu anasema ofisi ya kwao haijakitaja. Tena cheti changu cha kuzaliwa kina majina mawili, na pasipoti ina matatu. Wazee wa pande zote wanataka tarehe ijulikane ili mahari itangulie. Naombeni mwongozo.

Aliyeolewa Leeds:
Dada, hongera. Cheti hicho kina kazi yake, na huombwa kupitia eCitizen, lakini hutakiwa na nchi ambazo humtaka mgeni athibitishe kwa barua ya kwao kwamba yuko huru kuoa au kuolewa. Uingereza na Wales wana utaratibu mwingine: wachumba wenyewe hufika mbele ya msajili, wakatoa notisi ya ndoa, na notisi hiyo ikabandikwa hadharani kwa siku 28 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mzigo wako mkubwa, basi, ni viza.

Kwa kuwa unakusudia kurudi, omba viza ya mgeni anayekwenda kufunga ndoa. Inakuruhusu kukaa hadi miezi 6, haikuruhusu kufanya kazi, na huwezi kuigeuza kuwa ya mke ukiwa kule. Usikubali kushauriwa uende kwa viza ya kawaida ya utalii, kwa sababu hiyo haikuruhusu kufunga ndoa wala kutoa notisi, na kumbukumbu ya udanganyifu itakufuata utakapoomba ya mke. Unaweza kuwasilisha ombi miezi 3 kabla ya safari. Ambatisha barua ya mwajiri, taarifa za benki na ushahidi wa mipango ya arusi, maana afisa atataka kuona kwamba una jambo la kukurudisha nyumbani.

Ukishafika, ni lazima uwe umeishi katika wilaya ya usajili kwa siku 7 kabla ya kutoa notisi, nanyi wawili mwende pamoja katika ofisi iliyoidhinishwa kwa wageni. Hapo ndipo siku 28 huanza kuhesabiwa, na kwa asiye na viza inayotakiwa zinaweza kuongezwa hadi 70. Waeleze wazee hesabu hiyo kabla hawajataja tarehe: mahari inaweza kutangulia wakati wowote, lakini siku ya ndoa iwekwe wiki kadhaa baada ya wewe kutua, na ukumbi usilipiwe wote kabla viza haijatoka.

Karani wa Milimani:
Naongezea kuhusu talaka, kwa sababu hapo ndipo nimeona watu wengi wakikwama. Mahakama zetu hutoa amri ya muda kwanza, na amri kamili baadaye. Anayebeba ile ya kwanza bado ni mke wa mtu kisheria. Nenda katika mahakama iliyosikiza kesi yako, uombe nakala ya amri kamili iliyogongwa muhuri wa mahakama, na ukague herufi kwa herufi kama jina lililomo linalingana na la pasipoti. Kuhusu majina mawili na matatu usihangaike sana, kwani msajili wa kule hutegemea pasipoti kwa jina, umri na uraia. Hata hivyo, kula kiapo mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, kwa kuwa maafisa wa viza ya mke huenda wakaliuliza.

Mama wa Buruburu:
Mwanangu, hakikisheni mapema kama mchumba wako anatimiza kiwango cha mapato, ambacho tangu tarehe 11 Aprili 2024 ni pauni 29,000 kwa mwaka kwa waombaji wapya wa viza ya mwenzi. Inaumiza kuona wawili walioana wakaishi mbalimbali kwa jambo ambalo lingepangwa tangu posa.

Siku ya ndoa mtatia saini fomu tu. Tangu Mei 2021 cheti hutolewa baada ya ofisi kuingiza habari katika mfumo wao. Agizeni nakala zaidi ya moja kabla hujapanda ndege, maana moja utaihitaji kwa ombi la viza, na nyingine kwa Msajili wa Ndoa hapa Nairobi, ambaye husajili ndoa zilizofungwa nje.

Mkaazi wa Donholm:
Asanteni sana. Jumatatu naelekea mahakamani kutafuta amri kamili. Mama, tutaketi na mchumba wangu tuyapitie mapato yake kabla ya kuzungumza na wazee.