Naombeni ushauri: fukwe tulivu za Menorca mwezi wa tisa

Habari zenu wakuu. Mimi na mke wangu tunaishi Barcelona, na mwezi wa tisa tunataka kuvuka kwa meli kwenda Menorca, kisiwa cha Hispania, na binti yetu wa miaka mitano. Tunatafuta fukwe zisizo na vurugu. Macarella na Turqueta, fukwe za kusini, ni nzuri kweli, lakini picha zake zimezagaa kila mahali na nahisi tutagombania pa kutandika khanga. Kwa hiyo jicho langu liko kaskazini: Cavalleria, na Cala Pilar yenye mchanga mwekundu. Shida ni kwamba Pilar hufikiwa kwa miguu kupitia msitu, na huyu mtoto akichoka anabebwa, hana mjadala. Halafu upande ule hupigwa na tramuntana, upepo wa kaskazini unaochafua bahari. Ukivuma, watu hukimbilia kusini.

Mliowahi kwenda, tupange mjini Ciutadella tukodi gari, au mabasi yanatosha? Na Camí de Cavalls, ile njia ya kilomita 185 inayozunguka kisiwa, ina kipande kifupi ambacho mtoto anakiweza? Penye kivuli pia mnitajie, maana jua kali humuumiza mke wangu kichwa.