Ubingwa wa 1979 ni wa Seattle au wa Oklahoma City?

Mleta mada:
Wakuu salaam. Oklahoma City Thunder walipoitoa Indiana Pacers 4–3 kwenye fainali ya 2025, hesabu za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ziliandika kombe la pili. La kwanza lipi? Eti la 1979, lililochukuliwa na Seattle SuperSonics! Mimi nasema lifutwe kwenye hesabu za Thunder.

Kwa wasioijua stori: Sonics ilianza 1967. Mwaka 1978 ilifungwa na Washington Bullets fainali ya mechi saba, mwaka uliofuata ikakutana nao tena ikawachapa 4–1. Kocha alikuwa Lenny Wilkens. Dennis Johnson akawa mchezaji bora wa fainali, akiwa na Gus Williams, Jack Sikma na Fred Brown, yule aliyebatizwa "Downtown" kwa mitupo yake ya mbali. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuichezea Oklahoma. Ikaja 1996, Gary Payton na Shawn Kemp wakashinda mechi 64 za msimu, wakaishia fainali mikononi mwa Michael Jordan wa Chicago Bulls.

Mwaka 2006 Howard Schultz wa Starbucks aliiuza Sonics kwa kundi la Clay Bennett kwa dola milioni 350. Mwaka 2008 timu ikafungasha virago kwenda Oklahoma City, ikaitwa Thunder. Kwenye makubaliano Bennett alilipa dola milioni 45 ili avunje mkataba wa uwanja wa Seattle, jina na rangi vikabaki Seattle, na historia ikawa ya "kugawana". Kwani historia ni shamba la urithi?

Mchangiaji wa pili:
Mkuu, hapo unaongea kishabiki. Kevin Durant, nyota wa Thunder baadaye, alikuwa mchezaji chipukizi bora akiwa na jezi ya Seattle. Wenzake wa Thunder, Russell Westbrook na Serge Ibaka, yule wa Congo-Brazzaville, walichaguliwa na Sonics Juni 2008, siku chache kabla ya kuhama. Nick Collison alicheza Seattle misimu minne, na namba 4 yake ndiyo ya kwanza kustaafishwa na Thunder, yaani haivaliwi tena na jezi inatundikwa uwanjani. Ukikata uzi 2008, hawa walidondoka kutoka mawinguni?

Halafu Seattle wasijifanye mayatima. Novemba 2006 walipiga kura, karibu robo tatu wakabana fedha za umma zisiende kwa timu. Oklahoma City Machi 2008 wakakubali kukatwa kodi ya mauzo ili uwanja utengenezwe, na Desemba 2023 wakakubali tena kwa uwanja mpya wa dola zisizopungua milioni 900. Aliyetoa mahari ndiye mwenye mke.

Mchangiaji wa tatu:
Mahari gani! KeyArena, uwanja wa Sonics, ilikarabatiwa 1995, miaka kumi na kidogo tu matajiri wakataka tena. Muuza duka alipe kodi ili bilionea apate vyumba vya wageni wake? Na uwanja huohuo ulikuja kujengwa upya, kwa sehemu kubwa kwa fedha za wawekezaji, ukafunguliwa 2021 kwa jina la Climate Pledge Arena. Kumbe iliwezekana.

Mchangiaji wa nne:
Mimi Thunder naipenda kwa sababu ya Hasheem Thabeet wetu, alikuwa pale 2012 hadi 2014. Hayo ya 1979 mtajijua wenyewe 😂

Mleta mada:
Hasheem hana ugomvi na mtu, mkuu. Namrudia mchangiaji wa pili. Sunderland ilibadili jina ikawa Simba 1971, lakini haikuhama Msimbazi, mashabiki ni walewale. Hapa walibaki Seattle bila timu. Na dawa ipo: Hornets walihama Charlotte 2002 kwenda New Orleans, lakini 2014 ligi yenyewe ikairudishia Charlotte historia yake ya 1988 hadi 2002. Kama NBA ilifanya kule, kipi kinazuia hapa? Payton mwenyewe ameshasema hadharani hataki namba yake 20 itundikwe Oklahoma.

Mchangiaji wa pili:
Charlotte walikuwa na timu ya kupokea hiyo historia. Seattle hawana. Utaikabidhi kwa nani, meya?

Mleta mada:
Ikae jumba la makumbusho hadi wapate timu. Ila la Collison umenibana, sijui namba 4 yake itundikwe wapi. Wengine mnasemaje?